Ombi la Ming'oko

Nilipostaafu ualimu nilidhani nimeachana na karatasi. Nilikwenda Masoko, kwenye ofisi za wilaya, kufuatilia mafao yangu nimevaa vizuri, nimejipaka na manukato, nikijua narudi na tarehe ya kulipwa. Afisa aliyenipokea akafungua jalada langu, akalipekua mara mbili, kisha akanieleza kwa upole mkubwa kwamba jalada linaonyesha niliajiriwa, linaonyesha nimestaafu, ila halionyeshi popote kama nilithibitishwa kazini. Zaidi ya miaka thelathini nimefundisha hapa Tingi. Nimefundisha watoto, nikaja nikafundisha na watoto wao. Kwa mujibu wa jalada, muda wote huo nilikuwa bado naangaliwa kama naiweza kazi.

"Leta barua ya kuthibitishwa, mama," akasema. "Halisi, siyo kivuli. Timu ya uhakiki inakuja hapa Jumatatu ya mwisho wa mwezi."

"Nisipoipata?"

"Utasubiri watakaporudi."

"Wanarudi lini?"

"Hilo bado hatujaambiwa."

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Lakini hasira ya ofisini haina faida, unaishia kunyimwa hata kiti. Niliimeza, nikaaga, nikapanda basi. Njiani nikaapa kwamba karatasi hazitazagaa tena nyumbani kwangu. Nitafungua ofisi.

Nieleze hali ilivyokuwa. Nyumbani tulikuwa watu watatu. Mume wangu ni fundi wa injini za boti, zile ziendazo Songo Songo, na katika maisha yake hajawahi kutupa risiti wala kuisoma. Huifutia grisi mikononi, kisha huihifadhi kwenye mfuko wa koti. Dada yangu, aliyenizidi miaka kumi na miwili, alikuwa amehamia kwetu kutoka Nyangamara baada ya kufiwa na mumewe. Yeye hakujua kusoma. Alishinda barazani akisuka ukili na kututazama sisi wasomi tunavyopoteza vitu. Na mimi mwenyewe, niliyekuwa nikiwachapa watoto kwa kupoteza daftari, karatasi zangu zilikuwa chini ya godoro, ndani ya birika lililotoboka, kwenye ndoo ya rangi, katikati ya vitenge. Barua ya kijiji ya shamba letu la mikorosho niliikuta imekunjwa ikaziba tundu la dirisha.

Chumba cha mbele kilikuwa cha magunia ya korosho. Msimu ulikwisha zamani na magunia yalikuwa matupu, nikayatoa nje. Mume wangu akachukua mlango wa zamani wa jikoni, akaulaza juu ya madebe mawili, ikawa meza. Kitasa hakukitoa, kwa hiyo hadi leo meza yangu ina kitasa. Nikanunua mafaili sita. La buluu nikaliandika KOROSHO, la kijani MAJI NA UMEME, la njano AFYA, la pinki INJINI, jeusi MENGINEYO na jekundu YANAYOSUBIRI. Kwa siku tatu nikapanga. Siku ya tatu MENGINEYO lilikuwa limenenepa hata halifungiki, na AFYA lilikuwa na karatasi moja tu, nayo ilikuwa ya chanjo ya mbuzi.

Barua ya kuthibitishwa haikuwamo hata katika moja.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikatunga kanuni. Tangu siku hiyo hadi mafao yatoke, senti yoyote ya nyumba hii ingetoka kwa maombi ya maandishi. Nilichora fomu kwa rula: jina la mwombaji, anachoomba, lengo, sahihi, na chini kabisa nafasi pana ya uamuzi wa ofisi. Mume wangu ndiye aliyeanza. Aliomba sukari, na kwenye lengo akaandika "chai". Nikamrudishia, kwa sababu hakutaja vikombe vingapi. Akaenda, akarekebisha, akarudi na kubisha hodi.

"Ofisi imefungwa," nikamjibu kutoka ndani. "Ni saa ya chakula."

"Chakula chenyewe hakijapikwa," akasema. "Mpishi si ndiye huyo aliyejifungia humo!"

Dada yangu alikuwa mteja mwenye heshima kuliko wote. Alivua malapa mlangoni, akaingia ameinama, akakaa juu ya ndoo ya rangi na kuweka mikono magotini.

"Shikamoo, bosi," akasema.

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Nimekuja na shida yangu."

"Andika ombi."

"Si uniandikie wewe."

Basi nikawa karani wake. Nikaandika jina lake kamili. Nikamuuliza anaomba nini, akasema anaomba ming'oko, fungu moja tu. Hiyo ni mizizi ya porini. Kwao Nyangamara huichimba wakati wa kiangazi, wakaichemsha, wakala asubuhi na chai ya rangi. Kwetu Tingi haiuzwi hivi hivi barabarani. Ilibidi mtu aagize, itumwe kwa basi, ilipiwe, ikapokelewe.

"Lengo?" nikauliza.

"Kula."

"Kula siyo lengo, dada. Kila mtu anakula."

Akafikiri. "Basi andika hamu. Nina hamu nayo."

Nikamwambia hamu haiingii kwenye fomu. Nikaiacha nafasi ya lengo wazi. Akapaka dole gumba masizi ya chungu, akalibandika pale pa sahihi. Hapo nikainuka, maana kazi ya karani ilikuwa imekwisha, nikaizunguka meza, nikaketi tena palepale, sasa nikiwa mkuu wa ofisi. Nikalisoma ombi nililoliandika mwenyewe dakika moja nyuma kama naliona kwa mara ya kwanza. Nikatingisha kichwa. Kwenye uamuzi nikaandika: ISUBIRI MAFAO. LENGO LIFAFANULIWE. Nikamsomea.

"Sawa, bosi," akasema dada, akatoka kinyumenyume kama tulivyokuwa tukitoka mbele ya mkaguzi wa shule. Tulicheka wote wawili mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Fomu nikaiweka kwenye faili jekundu.

Wiki mbili zikapita natafuta barua. Nilipasua mito. Nilipekua misahafu. Nilimchukulia mume wangu makoti yake yote nikayakung'uta uani. Jumatano, siku tano kabla ya uhakiki, nilikuwa nimekaa chini katikati ya karatasi, macho yameniiva kwa hasira, dada akaniuliza kutoka barazani:

"Kwani unatafuta ipi hasa?"

"Barua ya kuthibitishwa."

"Kuthibitishwa mimi sikujui. Ilikuwaje?"

"Ina nembo juu. Imepigwa chapa."

"Zote zina nembo. Ni ile iliyokukuta kwangu Nyangamara ukiwa likizo, ukaruka ruka nayo mpaka ukaimwagia mafuta ya nazi?"

Nikaziweka chini karatasi nilizoshika.

"Si ulinipa mwenyewe," akasema. "Ukaniambia, dada, iweke panapokaa vitu vya maana."

Akainuka taratibu, akaenda jikoni, akakishusha kile kibuyu cha mbegu kinachoning'inia juu ya moto, mahali ambapo moshi huzuia wadudu. Alikuja nacho kutoka Nyangamara, nami nilikuwa nikikipita kila siku kwenda kuonja mchuzi. Akamimina kunde kwenye ungo. Akaingiza vidole viwili, akavuta karatasi iliyoviringishwa, ya kahawia kama ngozi, yenye doa la mafuta pembeni. Nikaifungua. Kila herufi ilikuwepo.

"Kila mwaka nikipanda naitoa," akaeleza. "Nikimaliza kupanda naweka mbegu mpya, nairudisha. Kibuyu kikipasuka naihamishia kingine."

"Wiki mbili nahangaika mbele yako, dada! Mbona husemi?"

"Hukuniuliza mimi. Ulikuwa unauliza mafaili."

Nilimkumbatia nikamnyanyua na ukili wake. Nikamwambia nikilipwa tu, jambo la kwanza, ombi lake linapita. Akaniuliza kama lengo limekwisha kufafanuka. Nikaiweka barua kwenye faili jekundu, juu ya fomu yake.

Kesho yake, Alhamisi, dada alikunywa chai, akasema amechoka kidogo, akajinyoosha kwenye mkeka aliokuwa anaumalizia. Nilipomwita kwa chakula cha mchana hakuitika. Nikamwita kwa sauti ya darasani. Hakuitika.

Tulimzika Ijumaa baada ya sala. Chumba cha mbele kikaondolewa vitu vyote ili wanawake wapate pa kukaa, yakatandikwa majamvi; meza yenye kitasa na mafaili sita vikatupwa uani karibu na masufuria. Mimi sikulia. Nasema ukweli. Nilikuwa nazunguka na daftari nikiandika nani kaleta unga, nani kaleta kuni, na nilimfuata mama mmoja mpaka mlangoni ili aweke sahihi kwa kilo mbili za mchele. Watu walinitazama, nami nikawa nawaza jambo moja tu, kwamba Jumatatu inakuja.

Hapo ndipo alipoingia mtani.

Ukoo wetu na ukoo wa mama mmoja muuza vitumbua pale njia panda ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kila kitu. Anaweza kumwigiza marehemu. Anaweza kuficha sufuria la pilau. Anaweza kuchukua kitu cha mfiwa akakikalia mpaka kikombolewe. Mfiwa anakatazwa jambo moja tu, kukasirika. Ukikasirika unatozwa faini, na kitu chako kinazidi kukaa.

Nilitoka kwenda uani nikamkuta ameketi nyuma ya meza yangu. Amevaa miwani yangu na koti la mume wangu. Faili jekundu lilikuwa kwapani mwake.

"Karibuni ofisini," akawa anawaambia wanawake wanaoingia. "Msijazane, pangeni foleni. Wewe, umekuja kulia? Leta barua ya kuthibitisha kwamba ulikuwa unamfahamu marehemu. Halisi, siyo kivuli."

Nikajua mume wangu amekwisha kusimulia mambo yetu kwenye vitumbua.

"Wewe hapo umelia bila kibali," akaendelea. "Futa machozi, rudi kesho saa mbili. Na wewe, pole yako ni nakala ngapi?"

Wanawake walikuwa wameziba midomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikamsogelea, nikainama, nikasema kwa sauti ya chini:

"Mtani, chukua vyote. Hilo jekundu tu nipe. Lina barua ya mafao yangu, inatakiwa Jumatatu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hakuna aliyewahi kusikia utani mtamu namna ile.

"Wallahi ni kweli!" nikasema.

"Jamani, anaapa!" akapiga kelele mtani, na wakacheka zaidi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyofurahi. Nikamwita mume wangu atoe ushahidi. Akasimama, akathibitisha kila neno kwa uso mzito, akatozwa kuku kwa kusema uongo mbele ya afisa. Nikapandisha sauti. Nikatozwa nazi mbili. Nikagonga meza. Nazi zikawa nne. Nikakaa chini na kujaribu kutabasamu, na nadhani lile tabasamu liliwatisha watoto.

Jumamosi mtani alifungua faili mbele ya wote, ati akadirie bei ya kulikomboa. Niliona barua yangu ya miaka thelathini na kitu ikishikwa na vidole vyenye mafuta ya vitumbua. Akainusa. "Hii ya jikoni," akasema, akaiweka pembeni. Kisha akaitoa fomu ya dada.

Huyu mama nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, kwenye kisomo cha watu wazima, na husoma vilevile nilivyomfundisha, kwa sauti, kidole kikifuata neno. Akalisoma jina kamili la dada yangu. Akasoma: anachoomba, ming'oko, fungu moja. Akasoma: lengo, kisha akasita, maana hapakuwa na kitu. Akasoma: uamuzi wa ofisi, isubiri mafao, lengo lifafanuliwe.

Walicheka mpaka wengine wakalala kwenye majamvi. Mimi nami nikacheka, kwa sababu kweli ilichekesha. Niliiona ile ndoo ya rangi, nikamwona dada amekaa juu yake mikono magotini. Fungu moja tu. Nilikuwa na nauli ya basi mara nne kwenye pochi siku ile, na mafaili sita mapya mezani, nikamwandikia asubiri. Kicheko changu kikabadilika kikiwa bado mdomoni. Nikalia kwa sauti, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na wanawake wakanyamaza mmoja mmoja wakaja kunishika.

Mtani hakuvua miwani. Alingoja. Nilipopunguza akasema, "Haya, huyu sasa amethibitishwa kuwa mfiwa," na watu wakacheka tena, kidogo, huku wanafuta macho. Kisha akatoa hukumu. Faili halitoki kwa kuku wala kwa nazi. Litatoka kwa ming'oko ya Nyangamara, na iwatoshe wote waliopo.

Ndugu zetu wa Nyangamara walikuwa waje Jumapili kwa hitima ya siku ya tatu. Mume wangu akawapigia simu. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia upande wake tu.

"Leteni ming'oko... Ndiyo, msibani... Kiroba kizima... Hapana, siumwi. Ni ya kukomboa faili... Nimesema faili."

Nadhani walidhani msiba umemgusa akili, lakini walileta. Walishuka kwenye basi wakiwa wamejitwisha viroba viwili, wana vumbi mpaka kwenye nyusi, na hawakuuliza chochote. Ming'oko ikachemshwa kwenye sufuria la pilau. Baada ya dua kila mtu akapewa wake na chai ya rangi. Mtani alikula sita. Mimi nilikula mmoja. Wa pili nikaushika tu mkononi mpaka ukapoa. Kisha mtani akaniita mezani, akanitaka niweke sahihi kwa dole gumba lenye masizi kwa kuwa, alisema, kalamu za ofisi zimekwisha, akanikabidhi faili jekundu kwa mikono miwili. Miwani alinirudishia mwishoni, imeganda mafuta.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa Masoko. Wastaafu tulijaa kwenye ukumbi, kila mmoja kakumbatia mfuko wake wa plastiki. Zamu yangu ilipofika nikampa afisa wa uhakiki faili zima, maana sikuwa na nguvu ya kuchambua. Akaishika barua, akaipeleka puani.

"Mama, hii ilikuwa inakaa wapi?"

"Kwenye mbegu."

Akanitazama kidogo. Akaisoma mstari kwa mstari, akaangalia tarehe, akaangalia sahihi, akasema iko sawa. Akaipiga muhuri. Hivyo tu. Baada ya miaka yote ile nilikuwa nimethibitishwa, na nilijikuta sina furaha ninayoweza kuionyesha kwa mtu. Nakala zilizobaki hakuzisoma. Aliinua pembe ya kila karatasi, akatafuta palipo na nafasi, akagonga. Karatasi ya mshahara, akagonga. Cheti cha chuo, akagonga. Kisha nikaiona fomu ya dada imejitokeza chini ya mkono wa afisa, yenye alama nyeusi ya dole gumba.

"Hiyo siyo..." nikaanza.

Muhuri ulikwisha kutua. Alikuwa ameshafikia karatasi nyingine.

"Umesemaje, mama?"

"Hapana," nikasema. "Sijasema kitu."

Nilikaa kwenye kiti cha dirishani basi lilipokuwa linangoja abiria, nikaitoa. IMEHAKIKIWA, na tarehe ya siku hiyo. Muhuri ulikuwa umeangukia kwenye uamuzi wa ofisi, wino umetapakaa, maandishi yangu hayasomeki tena. Juu yake vilibaki jina la dada, ming'oko fungu moja, na nafasi ya lengo niliyoiacha wazi. Nikatafuta kalamu kwenye pochi. Nikaandika: hamu.